Mkono ulioshika kiti

Niseme ukweli: niliingia pale kwa ajili ya joto na choo. Aliyewahi kufanya kea, yaani kuhudumia wazee majumbani mwao, hapa Edinburgh atanielewa. Saa moja asubuhi uko mlangoni kwa mzee wa kwanza, unazunguka nyumba nne au tano, saa tano umemaliza. Zamu ya jioni ni saa kumi. Katikati hapo hulipwi hata senti, na kwangu ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ukikaa mgahawani lazima ununue kitu, na kikombe kimoja cha kila siku, mwisho wa mwezi kimeshakula hela ya umeme.

Nilikuwa nazunguka madukani nikijifanya mnunuzi, mpaka mlinzi wa duka moja akaanza kunifuata nyuma kila nikigusa sweta. Mwenzangu mmoja, Mkenya, akanionea huruma. "Enda pale National Gallery, lile jumba la sanaa, The Mound, katikati ya zile bustani," akaniambia. "Ni bure, kuna viti, na hawakufukuzi."

Ndivyo nilivyoanza kutembelea sanaa.

Picha ya kwanza kuipenda haikuwa hii ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa ya bibi anayekaanga mayai. Velázquez aliichora mwaka 1618 akiwa kijana wa miaka 18 au 19, na mimi, mtu wa jikoni, nilisimama mbele yake nikitazama jinsi ute wa yai unavyoanza kugeuka mweupe ndani ya mafuta. Bibi ameshika yai mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, na macho hayako jikoni kabisa. Mikono yake inajua kazi yenyewe. Nilimwona shangazi yangu wa Pongwe hasa.

Lakini kwa bibi wa mayai hapakuwa na pa kukaa. Benchi lilikuwa mbele ya picha iitwayo Lady Agnew, na mimi nilifuata benchi.

Ni picha ya rangi za mafuta, si kubwa sana, urefu wake kama mita moja na robo. Mwanamke kijana amekaa kwenye kiti cha Kifaransa chenye mgongo wa duara na kitambaa cha maua. Amevaa gauni jeupe la hariri, mikono ya gauni ni kitambaa chepesi kinachoonyesha ngozi, na kiunoni amefungwa mshipi mpana wa rangi ya zambarau iliyopauka. Shingoni ana mkufu wenye kidani. Nyuma yake limetundikwa pazia la hariri ya Kichina, buluu yenye kijani ndani yake. Ana nywele nyeusi, nyusi nyeusi zaidi, na anakutazama moja kwa moja. Nusu anatabasamu. Nusu ile nyingine sikuielewa, wala sikujishughulisha nayo. Nilimwona mtoto wa kitajiri amejiegemeza kitini, hana pa kwenda, hana zamu ya saa kumi. Nikakaa mbele yake na kusinzia wima, mkoba mapajani. Miezi mitatu tulikaa hivyo, yeye anatazama, mimi nalala.

Siku nilizokuwa macho, nilimlinganisha na mama. Nyumbani Tanga tuna picha moja ya mama akiwa msichana, ya studio, nyeusi na nyeupe. Amekaa wima kama amemeza mpini, magoti yamebana, na mkononi ameshika mkono wa simu ya mezani, ameuweka sikioni. Nyumba yao haikuwa na simu. Mtaa mzima haukuwa na simu. Ilikuwa simu ya studio, kila aliyetaka picha ya kisasa alipewa aishike. Mama husema mpiga picha aliwaambia, "Usicheke, usipumue," na yeye akatii vyote viwili. Basi nikimtazama Lady Agnew alivyojiachia kitini, nilikuwa nasema moyoni: huyu kweli hakuambiwa kitu na mtu.

Wakati huohuo nilikuwa na bibi yangu wa mtaa wa Leith, mmoja wa wazee niliowahudumia. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa na miaka 88, anakaa peke yake ghorofa ya pili, nyumba nadhifu kuliko yangu. Utaratibu wa kazi ulitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, na mimi ulimi ulikataa. Mtu mwenye umri wa kumzaa mama yangu nitamwitaje jina kavu? Nikamweleza neno "bibi" na maana yake, akalipenda. Nikamfundisha na shikamoo. Tangu hapo kila nikifungua mlango naamkia, na yeye anaitikia "marahaba" kwa lafudhi ya Kiskoti. Yeye aliniita "hen". Wiki ya kwanza nilijua nimetukanwa. Kuku! Kumbe kwa Waskoti ni neno la mapenzi, kama sisi tunavyomwita binti "mwanangu".

Ziara yake ilikuwa ya dakika 15. Dawa, chai, mkate, kuangalia kama amevaa vizuri, halafu kuandika kwenye programu ya simu. Programu ina visanduku: amekula, amekunywa, amemeza dawa, hali yake. Nikiingia namkuta ameshavaa, nywele zimechanwa, amekaa kiti chake cha dirishani, anatabasamu. "Uko sawa, bibi?" "Niko sawa kabisa, hen." Nabonyeza "vizuri", huyo nakimbilia basi.

Jumanne moja ya mwezi Machi nilimwacha saa tatu asubuhi. Mwenzangu wa jioni alimkuta sakafuni jikoni. Alikuwa amelala hapo tangu mchana, kifundo cha mkono kimevunjika, amepoa kama samaki wa barafuni. Hospitali walisema alikuwa anapata kizunguzungu kwa siku nyingi, amekuwa akishikilia samani ili avuke chumba.

Kampuni ikaniita. Aliyenihoji alifungua rekodi zangu: vizuri, vizuri, vizuri, siku kumi mfululizo. Akaniuliza kama niliona mabadiliko yoyote. Nikasema hapana, na sikuwa nadanganya. Nilipewa barua ya onyo. Kilichoniuma si barua peke yake. Dakika 15 waliziweka wao, visanduku walivitengeneza wao, na nauli ya kati ya nyumba na nyumba wala hawaihesabu. Lakini siku ya lawama kilichosomwa ni jina langu. Nilitoka pale nimefura. Miguu ikanipeleka kwenye benchi langu.

Siku hiyo sikupata usingizi. Nilikuwa natazama picha kwa hasira, kama unavyomtazama mtu aliyekaa tu wakati wewe unasaga meno. Na hapo ndipo nikauona mkono.

Mkono mmoja umelala mapajani na ua. Huo nilikuwa nimeuona siku zote. Wa pili umeteremka pembeni, umeshika ukingo wa kiti. Haujawekwa tu. Umeshika. Nilipouona huo, mwili wote ukabadilika mbele yangu. Lile nililoliita kujiachia halikuwa kujiachia. Mgongo umepewa kiti kiubebe, bega limeshuka, na mkono unasaidia mtu asiteleze. Nimewainua wagonjwa wa kutosha kujua mtu aliyestarehe anakaaje na mtu aliyechoka anakaaje. Aliyestarehe hashiki kitu. Na uso wa bibi yangu wa Leith ukanijia, ule wa kutabasamu, na chini yake mkono ambao sasa nilikumbuka kabisa, vidole vyeupe kwenye mbao za kiti cha dirishani. Nilikuwa nimeuona asubuhi zote kumi. Macho yaliona, mimi sikuona.

Mlinzi wa chumba kile, mzee wa makamo, alikuwa ameshanizoea. Nikamuuliza, huyu alikuwa mgonjwa? Akatabasamu kama mtu aliyengoja swali hilo muda mrefu. Ndiyo, akasema. Alikuwa ameugua mafua makali na mwili ulikuwa haujarudi. Ilikuwa miaka ya influenza ile iliyozunguka dunia tangu 1889. Januari 1892 ilimuua hata Prince Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria aliyekuwa kwenye mstari wa kurithi kiti cha enzi. Picha hii ni ya mwaka huohuo 1892.

Nikaanza kumfuatilia. Jina lake la kuzaliwa ni Gertrude Vernon. Mwaka 1889 aliolewa na Andrew Noel Agnew, mwanasheria wa ukoo wenye ngome ya Lochnaw, huko Wigtownshire kusini magharibi mwa Scotland. Mume alirithi cheo cha baba yake mwaka 1892, na bi mdogo akawa Lady Agnew kabla hajafikisha miaka 30. Mume ndiye aliyeagiza picha. Akampa kazi John Singer Sargent, Mmarekani aliyezaliwa Florence mwaka 1856, ambaye studio yake ilikuwa Tite Street, Chelsea, London.

Sargent naye alikuwa na jeraha lake. Mwaka 1884 alikuwa Paris, akaonyesha picha ya mwanamke maarufu wa mji ule, gauni jeusi, kamba moja ya bega imeteleza. Paris nzima ikamzomea. Mama wa yule dada alikwenda studio akilia, anataka picha iondolewe. Baadaye Sargent aliipaka kamba upya, akairudisha begani, lakini wateja walikuwa wameshakata mguu. Ndipo akahamia Uingereza, ambako nako matajiri walimwogopa kidogo: nani anataka mke wake achorwe na mtu wa kashfa?

Halafu akaja huyu anayepona mafua. Kazi ilimalizika kwa vikao sita tu, jambo la ajabu kwa Sargent, kwa sababu alijulikana kwa kukwangua. Uso usipomridhisha, hakuurekebisha. Aliukwangua wote na kuanza upya, mara kadhaa kwa picha moja. Aliweka turubai kando ya mtu anayemchora, kisha anarudi nyuma mpaka anawaona wote wawili kwa ukubwa mmoja, anatazama, anasogea mbele kupiga mguso mmoja wa brashi, anarudi tena nyuma. Siku nzima yuko njiani. Niliposoma hilo nilicheka, maana ni kinyume na kazi yangu. Mimi husogea karibu, nafunga vifungo, nameza dakika. Kurudi nyuma hatua nne kumtazama mtu mzima kuanzia utosi mpaka kidole cha mguu, nani amekupa muda huo?

Na kile kiti kilichonifanya nimwonee wivu hakikuwa chake. Kilikuwa kiti cha studio ya Sargent. Pazia la Kichina nalo lilikuwa la studio. Simu ya mama yangu hiyohiyo, ila ya London!

Nikajaribu na mimi kusogea na kurudi, nikijali tu nisikaribie mno mlinzi akanikoholea. Kwa mbali ule mshipi wa zambarau ni hariri kweli, unaona fundo, unaona uzito wake ulivyoangukia pajani. Sogea karibu: hakuna hariri. Kuna miguso mirefu ya brashi, mingine imepita kwa haraka mpaka nyuzi za rangi zinaonekana, kama chapati iliyopakwa siagi kwa kijiko. Gauni jeupe nalo, kwa karibu, jeupe lake ni kidogo sana. Kuna kijivu, kuna buluu iliyotoka kwenye pazia, kuna zambarau iliyotoka kwenye mshipi. Jeupe tupu amelibakiza kwa sehemu chache ambapo mwanga unapiga. Kumbe ndiyo maana nilikuwa nakumbuka yai la yule bibi wa Velázquez. Mwalimu wa Sargent kule Paris, Carolus-Duran, aliwafundisha wanafunzi kupaka rangi moja kwa moja kwa brashi, na kumsoma Velázquez kama msahafu. Mwaka 1879 Sargent alikwenda Madrid kukaa mbele ya kazi zake na kuzinakili. Yai na gauni vimepita shule moja.

Uso peke yake ndio hakuupaka mbio. Pale rangi imetulia, imeyeyukiana. Na nusu ile ya tabasamu niliyoshindwa kuielewa, sasa naiona kila asubuhi kazini. Ni uso wa mtu aliyeulizwa kama yuko sawa.

Mwaka 1893 picha ilipelekwa kwenye maonyesho ya Royal Academy, taasisi kubwa ya wasanii, London, na watu wakaipokea kwa shangwe. Mwaka uliofuata Academy ikamchagua Sargent kuwa mwanachama mshiriki. Yule wa kashfa akawa fundi ambaye kila familia kubwa ilimtaka. Bi Gertrude naye picha ilimpa jina, akawa mwenyeji wa karamu ambazo London ilizitaja. Karamu zina gharama. Mwaka 1922 picha ilipelekwa kwa wadhamini wa mkusanyo wa sanaa wa tajiri Frick, New York, wainunue. Binti wa Frick, Helen Clay Frick, akakataa. Mwaka 1925 ikanunuliwa hapa Edinburgh kwa fedha za wasia wa Cowan Smith, na mwaka huohuo Sargent akafariki. Gertrude aliishi mpaka 1932, na inasemekana afya haikuwahi kumnyookea sana. Miaka saba ya mwisho, mtu yeyote aliweza kuingia bure na kumwona akiwa bado kijana, kwenye kiti cha kuazima.

Bibi yangu alirudi nyumbani mwishoni mwa Aprili, mkono kwenye plasta. Nilidhani watanihamisha, ila wafanyakazi walikuwa wachache, wakaniacha. Nikamnunulia kadi ya posta ya Lady Agnew. Sikumwambia lolote, nilitaka kujua ataona nini.

Akavaa miwani. Hakutazama uso. Akatazama gauni, akalitazama sana, kisha akatikisa kichwa. "Maskini aliyepiga pasi hili," akasema. Mama yake alikuwa dobi kwenye nyumba za wakubwa, na yeye mwenyewe alikua chini ya meza ya kupigia pasi, anajua hariri nyeupe inataka nini: chuma kisiwe cha moto mno, kitambaa kiwe na unyevu kidogo, na ukidondosha tone la maji tu limeacha alama. "Na amekalia hapo, amelikunja lote," akaendelea, kama vile Lady Agnew yuko chumbani na anasikia. Ndipo akapandisha macho usoni, akashuka nayo mpaka kwenye mkono.

"Huyu binti haumwi sasa hivi," akasema. "Ila ameumwa. Na hataki wajue."

Mimi ilinichukua miezi mitatu na barua ya onyo.

Kadi ikabandikwa kwenye friji. Mimi nikaacha kuuliza "uko sawa", maana swali hilo jibu lake linakuja limeshapigwa pasi. Nauliza ameamka mara ngapi usiku. Nauliza kikombe cha jana kiliishia wapi. Nikifika nasimama mlangoni kwanza, natazama viatu, natazama mikono, ndiyo namalizia uso. Ziara imebaki dakika 15 na ninachelewa basi mara kwa mara. Ofisini wameshaniandikia kuhusu hilo pia.

Wiki iliyopita nilifungua mlango nikaamkia. Alikuwa kitini, amechana nywele, ametabasamu, lipstiki amepaka. Mkono uliopona ulikuwa umeshika mbao. Sikusema kitu, nilitazama tu mkono, halafu kadi kwenye friji. Akafuata macho yangu. Akaachia vidole, kimoja baada ya kingine, akaviweka mapajani.

"Marahaba ya leo haina nguvu, hen," akasema. "Sijalala tangu saa nane."

Nikavuta kiti cha jikoni nikakaa mbele yake. Nikatoa simu, nikapita kile kisanduku cha "vizuri", nikaanza kuandika.